Kompyuta ya Kuingia Mkobani

Jumanne, jioni

Bado sijui kama niinunue. Muuzaji kaniachia niijaribu wiki nzima pale stesheneri kwangu. Ni kompyuta ya mezani, ila ukiacha skrini, ukubwa wake haupiti hotpoti yangu ya chakula cha mchana.

Haina betri kama laptop. Leo umeme umekatika, ikazimika na kupoteza barua niliyokuwa namchapia mzee mmoja wa Mgeta, nikiwa mstari wa mwisho.

"Mwanangu," akaniambia, "kadude kenyewe kadogo, barua yangu ndefu. Ingeenea wapi?"

Nimecheka mpaka hasira zimeisha.

Lakini tangu wezi wavunje duka, nataka kompyuta ya kurudi nayo nyumbani. Hii inaingia mkobani! Nikaamua: nanunua.

Nimefika nyumbani, nimefungua mkoba niitoe. Nimekuta hotpoti tu, tena haijaoshwa.