Mama Mkwe Nyuma ya Rafu ya Kilimo

Jumamosi, likizo ya Juni inaelekea ukingoni. Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi na kuleta vumbi lote la Pasiansi kwenye kibaraza changu, nami nimekaa humo humo kwenye vumbi naandika, kwa sababu ndani yupo mama mkwe.

Nianze na aibu hii. Nyingine zitafuata.

Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai mkeka mmoja. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Siku hizi mjini wengi wameshaacha, na mke wangu mwenyewe hunicheka. Lakini mama yake, anayeishi Sengerema, hajaacha. Na mimi, niseme ukweli, sijaacha kwa sababu inanifaa. Miaka kumi na moja ya ndoa, mama mkwe hajawahi kuniuliza swali hata moja ana kwa ana. Nina marafiki ambao wangeongeza ng'ombe wa mahari kupata amani kama hiyo.

Akija kututembelea tunaongea kupitia kwa Kabula, binti yangu wa miaka tisa. Bibi anakuwa jikoni, mimi sebuleni, mtoto katikati, kwenye korido. Mwambie baba yako chai iko tayari. Mwambie bibi nimeshukuru. Nyumba yenyewe ndogo na kila mtu anamsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini hakuna anayejibu mpaka Kabula arudie.

Zamani kulikuwa na kivuko pale Busisi, na foleni yake ilinipa muda wa kujiandaa. Sasa kuna daraja. Jumatatu mke wangu aliniambia mama kapanda gari, na kabla sijapata shati la heshima, mama alikuwa mlangoni.

Sasa nije kwenye maktaba.

Maktaba ya mjini ina utaratibu wake wa likizo. Kila Jumamosi familia zinakwenda, watoto wanasoma, wanachora, wanatengeneza kofia za karatasi zenye masikio ya wanyama, na Jumamosi ya mwisho kila familia inasoma hadithi moja mbele ya watu wote, kila mmoja na mhusika wake. Mke wangu ndiye aliyetuandikisha, na alikuwa na sababu. Kabula anasoma vizuri akiwa peke yake. Mbele za watu hatoi sauti. Muhula uliopita alisimamishwa darasani asome aya moja, akakwama, wenzake wakacheka, na tangu siku hiyo akiitwa anasimama tu na kitabu chake mpaka aambiwe akae. Mwalimu wake alituita akatueleza kwa upole kwamba mtoto anaanza kukata tamaa. Mke wangu alilia njia nzima. Mimi nilimwambia mambo ya watoto hupita, halafu sikulala vizuri wiki nzima.

Kwa hiyo leo, Jumamosi ya mwisho, haikuwa michezo. Leo tulitaka Kabula atoe sauti.

Mpango ulikuwa mimi, mke wangu na Kabula. Jana mke wangu, ambaye ni muuguzi, akabadilishiwa zamu. Hadithi yetu inataka watu watatu. Tukiwa bado tunatazamana, Kabula akasema kwa utulivu kwamba Bibi anajua kusoma.

Bibi anajua sana. Bibi ni mwalimu mstaafu. Kutoka jikoni sauti ikasema, mwambie baba yako mimi niko tayari.

Hadithi aliichagua Kabula mwenyewe wiki mbili zilizopita. Kiboko anakwenda ukweni kusalimia, anakula mno, anakwama mlangoni akitaka kutoka, na inabidi mama mkwe wake amvute. Mimi nilipewa kiboko tangu mwanzo, kwa sababu ya tumbo. Sehemu ya mama mkwe alikuwa aisome mke wangu. Sikumwuliza mtoto kama alichagua hadithi hiyo kwa makusudi, na sitamwuliza.

Tulikwenda mjini kwa bajaji mbili. Mama mkwe na Kabula mbele, mimi nyuma yao, nimeshika kofia ya kiboko mapajani. Dereva wangu aliuliza kama nawafuatilia wale waliotangulia. Nikamwambia ni familia yangu. Akaongeza mwendo.

Mkutubi anaitwa Dada Leticia, mtu wa Bukoba. Alikuwa ametandika mkeka mmoja katikati ya ukumbi, na msimamo wake ni familia moja, mkeka mmoja. Nikamvuta pembeni nikamweleza shida yangu. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho, kisha akanitafutia njia: mimi na Kabula tukae mkekani, mama mkwe asimame nyuma ya rafu ya vitabu vya kilimo, asome akiwa huko. Nilimshukuru kupita kiasi.

Zamu yetu ikafika. Nikavaa masikio ya kiboko. Nikasoma sehemu yangu ya kwanza, ile ya kubisha hodi, na kutoka katikati ya vitabu vya mihogo na ng'ombe wa maziwa ikatoka sauti ya mtu aliyefundisha miaka thelathini ikinikaribisha ndani. Watoto wa mstari wa nyuma walikaa wima wenyewe. Kasichana kadogo kalinyanyuka, kakazunguka rafu kuchungulia, kakarudi kutoa taarifa kwa mama yake kwamba huko kuna bibi. Watu walikuwa wanafurahi. Hata mimi nilianza kufurahi.

Kisha ikaja sehemu ya Kabula. Yeye ndiye msimulizi.

Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

Nikamnong'oneza sentensi yenyewe. Nikarudia. Nilipomnong'oneza mara ya tatu niliona vidole vyake vimebana kitabu mpaka kurasa zinajikunja, na hapo nikajua namwongezea mzigo. Nyuma kule mtoto mmoja akacheka, kicheko kidogo tu, lakini Kabula alikisikia na mimi nikakisikia. Niliumia jinsi ambavyo sijaumia kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri namna ya kumshika mkono tuondoke bila kuonekana tunakimbia.

Ndipo nikasikia hatua.

Mama mkwe alitoka nyuma ya rafu ya kilimo. Akaja mpaka kwenye mkeka. Akavua viatu, akavipanga vizuri, akaketi. Hakuketi upande wa Kabula, ambako kulikuwa na nafasi ya kutosha. Aliketi upande wangu.

Nikainamisha macho. Naweza kuuchora mkeka ule hata sasa hivi, una mistari ya kijani na zambarau na umefumuka kwenye kona. Nikaanza kunyanyuka ili nimpishe. Bila kunitazama, kitabu mkononi, akasema, "Kaa, mkwe. Umekwama mlangoni."

Halafu akashika mkono wa shati langu, akavuta.

Akavuta kweli, kama kitabu kinavyoelekeza. Mimi na masikio yangu ya karatasi tukayumba. Nilitamani kuwa popote pengine, hata chini ya ziwa.

Kabula akatutazama. Huyu ni mtoto ambaye tangu aanze kuongea amekuwa akibeba salamu kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na hajawahi kutuona tumekaa pamoja, achilia mbali kuvutana. Macho yalimtoka. Akaangalia mkono wa bibi yake kwenye shati langu, akaniangalia mimi, na akaanza kucheka. Sijui kama mtu anaweza kuogopa na kucheka hivyo kwa wakati mmoja. Nadhani kwake haikuwezekana, kwa sababu akiwa bado anacheka aliinua kitabu akasoma:

"Kiboko akavutwa, mlango ukavutwa, na nyumba nzima ikaanza kuja."

Kwa sauti. Ukumbi ukacheka, safari hii wakimcheka kiboko, na Kabula akasubiri kicheko kiishe ndipo akaendelea na mstari unaofuata. Alisoma mpaka mwisho. Sehemu mbili alikwama, akarudi nyuma, akapita. Dada Leticia alipiga makofi akiwa amesimama. Mimi nilifuta macho na kusingizia vumbi, ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha.

Niliamini mambo yameishia hapo.

Tulipotoka, nikasimama ngazini mbali kidogo kama ilivyo adabu. Mama mkwe akatazama barabarani na kusema, bila kupitia kwa mtu yeyote, "Mtoto hana tatizo. Ila wewe, mkwe, unasoma umeinamisha kichwa na maneno unayameza. Anakuiga wewe."

Nikageuka kumtafuta Kabula anipelekee jibu. Kabula alikuwa ananunua karanga.

"Ndiyo, Mama," nikasema mwenyewe. Nadhani nililisema nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nimekaa hapa kibarazani saa nzima nikitafuta namna ya kumpinga, na nimeikosa. Kwenye jumuiya yetu ya kanisa, kila wiki mtu mmoja husoma somo la Biblia. Ikifika zamu yangu, miaka yote hii, huwa nasema nimesahau miwani, anasoma mwingine. Zamu inapita hivyo hivyo. Kabula huwa amekaa pembeni yangu akisikiliza. Mke wangu alilia njia nzima kwa ajili ya mtoto, na mimi nikasema mambo ya watoto hupita.

Nyumbani kila kitu kimerudi mahali pake. Mama mkwe jikoni, mimi nje. Sasa hivi Kabula ametoka na ujumbe. Bibi anasema kesho jumuiya inasali hapa kwetu, na yeye ameshawaambia akina mama kwamba somo atasoma baba mwenye nyumba.

Nikamwambia, mwambie Bibi nimemsikia, tatizo sijui miwani yangu nimeiweka wapi.

Kabula hakuondoka. Alisimama mlangoni, akaniangalia.

"Baba, wewe huna miwani."

Alisema kwa sauti kubwa, safi, bila kukwama hata silabi moja. Jirani aliyekuwa anaanua nguo aligeuka. Jikoni sufuria zilinyamaza.

Kesho nasoma.