Kelele Nisiyoisikia

Ruiru, Jumamosi, 1957

...na bwana wa shamba anasema mlango wa kushoto wa gari unagongagonga njia nzima, na mimi dereva wake sisikii kitu. Nilimjibu, "Ndiyo bwana, nitaangalia." Lakini niliogopa. Dereva asiyesikia ataachishwa kazi tu.

Zamani nikifanya kazi kwa fundi mmoja wa magari, Mhindi, pale Thika, nilikuwa nikifumba macho na kumwonyesha skrubu iliyolegea kwa kusikia mlio wake tu. Mzee huyo alikuwa akiniita kutoka upande wa pili wa gereji nije nimsikilizie. Nilidhani masikio yale ni yangu mpaka kufa.

Leo bwana alipopanda treni kwenda Nairobi, nilimwambia mke wangu ukweli. Alijifunga kitambaa, akaketi kiti cha mbele kwa mara yake ya kwanza, nami nikaendesha polepole katikati ya mibuni.

"Ni hapa, Baba Rebeka," akasema, kidole kwenye ubao wa ndani wa mlango.

Nilipoufungua nilikuta klipu mbili za kuushikilia zimekatika. Nikafunga kwa waya, nikatia vipande vya blanketi kuukuu, kisha tukajaribu tena.

"Bado unalia kidogo," akasema.

Niliushika ule ubao. Hautikisiki hata kidogo. Yeye alikuwa akitazama nje, anatabasamu vile alivyotabasamu siku niliyompokea stesheni akitoka kwao, bibi arusi mwenye sanduku moja.

Sikubisha. Nilimpeleka mpaka Thika, tukarudi kwa njia ndefu.