Mwonja Chumvi

2 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Natumai hujambo, wewe na mama mtoto, na mke mwenzangu mdogo pia. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanalalamika kila nikiinuka. Nakuandikia kwa sababu simu siku hizi naisikia nusu, nusu nyingine naijaza mwenyewe, tunaishia kugombana bure.

Sikukuu mwaka huu imeangukia Ijumaa. Tangu tumzike baba yako hujalala hapa hata usiku mmoja. Unakuja asubuhi, jioni umeshaondoka kama fundi aliyeitwa kutazama bomba. Safari hii njoo ulale mpaka Jumapili. Nitapika. Unajua kupika kidogo sijui. Mtu aliyezeekea jiko la shule ya bweni mkono wake umezoea sufuria ya kuingia mtu. Mtakula, majirani watakula, kitakachobaki mtabeba.

Umlete mke mwenzangu nimwone kama anaweza kazi za nyumba hii, au anajua kula tu.

Mama yako

11 Aprili

Shikamoo mama,

Barua yako imetukuta wazima. Mtoto ana mafua kidogo, ila mdomo haujaugua. Tunakuja, mimi na yeye. Mama yake yuko zamu wodini sikukuu yote, na wagonjwa hawajui sikukuu.

Nimekusoma nikiwa kazini, nimekaa juu ya lifti tunayoitengeneza, nasubiri umeme urudi, na njaa ya utotoni ikanishika hapo hapo. Mama, niwekee ukoko. Unakumbuka mimi na dada tulivyokuwa tunaugombania hadi unatugawia kwa kisu? Na baba anasimama mlango wa jikoni na kile kijiko chake cha mbao, hakuna anayegusa sahani mpaka aonje, aseme, "Imekolea." Neno moja tu, halafu anarudi kwenye redio yake. Nimemsimulia mtoto. Ameuliza kama babu alikuwa bosi wako.

Mwanao

26 Aprili

Mwanangu,

Najua mlifika salama, dada yako kaniambia. Mimi mzima, ila nyumba imenyamaza. Nikisikia mlango wa jirani nadhani ni vile viatu vya mke mwenzangu vinavyolia kila hatua. Nimeokota soksi yake ndani ya sufuria kubwa, sijui alitaka kuipika na nini. Ukutani amenichorea mtu mwenye vidole vingi kuliko alivyopangiwa na Mungu, na sitamfuta. Jumamosi asubuhi alinifungua jicho kwa kidole, akaniuliza, "Bibi, umo?" Sijacheka vile tangu baba yako aondoke.

Lakini kuna jambo. Ijumaa tulipokaa kula, mtoto alisema, "Bibi, mchuzi unauma." Wewe ukakohoa, ukasema amekula peremende nyingi. Kisha nikamwona anakunywa maji hayaishi. Na bakuli nililompelekea fundi cherehani hapa jirani limerudi na shukrani nyingi mno. Mtu aliyekula vizuri hashukuru vile, anauliza kama kimebaki.

Nimekuzaa mwenyewe, usinizunguke. Chakula changu kilikuwaje?

Mama yako

4 Mei

Shikamoo mama,

Huku hatujambo, mafua ya mtoto yamekwisha. Magoti yako uyapake dawa niliyokuachia, usiiache tu dirishani magoti yakiitazama.

Mjukuu wako ametuaibisha. Mwalimu wa chekechea aliniita pembeni, kwa sauti ya chini, akaniuliza ni nani huyo mke mwenza ambaye mtoto anasema wanalala kitanda kimoja. Nilipomwambia ni bibi yake alicheka mpaka akakaa. Soksi ya pili tunayo, usitupe hiyo. Kazini lifti imepona, sasa imeugua ya jengo la pili.

Ilikuwa sikukuu nzuri sana, mama. Kulala kwenye kile chumba changu, kusikia mifuniko inagongana jikoni kabla hakujapambazuka, nilijiona mtoto tena. Asante.

Mwanao

13 Mei

Mwanangu,

Salamu nimezipokea. Umejibu yote isipokuwa nililouliza, nami nimeelewa.

Sufuria kubwa nimempa fundi cherehani alowekee vitambaa vyake. Mimi ni mtu mmoja, chai na mkate vinanitosha.

Mama yako

29 Mei

Shikamoo mama,

Siulizi kama hujambo, maana najua si mzima. Dada amenipigia, anasema jiko lako limepoa na umekonda.

Chumvi ilizidi, mama. Ilizidi sana. Nilikuwa pale namenya viazi, nikakuona umetia, ukasimama ukitazama mlango, ukatia tena, ukatazama tena, ukatia ya tatu. Nilinyamaza, nikala, nikaongeza sahani, nikala na ukoko. Nilikuwa naogopa kwamba ukijua utaacha kupika. Sasa umeacha vilevile, na juu yake umebaki na mawazo peke yako. Naumia nikikufikiria na huo mkate.

Ila nimekuwa nikiwaza. Si wewe uliyetuambia sheria ya jiko la shule, kwamba aliyetia chumvi haonji, kwa sababu mvuke umemchosha ulimi tangu alfajiri, na lazima mwenzake ndiye aonje? Kule walikuonjea wasaidizi. Nyumbani alikuonjea baba. Mikono yako haijaharibika, mama. Umepungukiwa mtu wa mlangoni.

Nina likizo katikati ya Juni. Mjukuu wako nimemweleza hiyo kazi na anaitaka. Anafanya mazoezi, anaonja kila kitu humu ndani, hadi dawa ya meno. Na wewe mwenyewe ni shahidi, hajui kunyamaza kama baba yake. Tafadhali kaichukue sufuria.

Mwanao

6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikalia, nikapangusa miwani, nikaisoma tena. Kwanza nilikasirika, kwamba mwanangu alikula chumvi yote ile akinichekea. Kisha nikakumbuka baba yako naye hakuwahi kubakisha chakula changu.

Ni kweli. Sikuwa nimeliona mpaka uliposema. Miaka yote hii nimetia chumvi kwa sikio. Nikitia nasubiri neno, na lisipokuja mkono hausimami. Kumbe nilikuwa namsubiri marehemu.

Sufuria imerudi. Fundi alikuwa ameshatilia ndani rangi ya buluu, nimeisugua kwa mchanga siku nzima. Mkiona kucha zangu msiulize.

Kijiko cha baba yako nimekitoa kabatini. Kinamzidi mke mwenzangu kinywa, lakini atakua nacho. Mfundishe njiani lile neno la babu yake, ila umwonye asiliseme kwa kunifurahisha. Ikiwa bado, aseme bado. Ikizidi, aseme imezidi, tutaongeza maji na viazi na kucheka.

Kuku nitambandika asubuhi ya siku mtakayofika. Kopo la chumvi litabaki juu ya kabati, limefungwa, mpaka nisikie viatu vyake mlangoni.

Mama yako