Waya Niliouchomoa kwa Ajili ya Watoto

Mpendwa Mama Nirupama wa safu ya ushauri,

Nisaidie mama, aibu imenizidi. Mimi ni dereva wa greda kwenye barabara mpya huku Hazaribagh, na kama ujuavyo kina mama wabeba kokoto huja na wachanga wao, huwalaza kwenye bembea za vitambaa vya sari pembeni mwa barabara, sasa kila nikirudi nyuma king'ora cha greda kinapiga kelele na watoto wanaamka, kina mama wakaniomba, "Kaka dereva, tuhurumie, wakilia hatufanyi kazi na msimamizi anatutukana," nami nikawa nachomoa waya wa king'ora kila baada ya chakula cha mchana, wakanisifu, nikavimba kichwa.

Phulmani, mbeba kokoto mgeni, alikuwa na siku tatu tu kazini, hana mtoto, hakuna aliyemwambia kwamba mchana king'ora hakilii. Aliinama kuokota karai akiwa amenipa mgongo, nikarudi nyuma, gurudumu likampanda mguu. Wenzangu walipokuwa wanambeba, mimi nilikuwa nachomeka waya. Mkaguzi alipokuja akajaribu king'ora, kikalia vizuri, akaandika kwenye ripoti kwamba mwanamke alipuuza onyo, na wale kina mama wanaojua wamenyamaza. Mguu umekatwa, na kwa ripoti hiyo kampuni imekataa kuendelea kumtibu. Juzi nilimpelekea mapera hospitalini, akaniuliza, "Kaka, kililia kweli?" Nikamjibu, "Kililia, dada." Akasema, "Basi nimeshakuwa kiziwi na sijijui." Nifanyeje, mama?

Dereva, Hazaribagh

Dereva,

Huruma yako kwa watoto naielewa, nami nimelea wanne. Kuchomoa waya lilikuwa kosa la mtu mwema asiyefikiri. Kuuchomeka huku mwenzako anavuja damu ni jambo lingine kabisa, usinichanganyie hayo mawili. Na hayo mapera ulimpelekea nani, yeye au dhamiri yako? Mtoto wa watu amepoteza mguu, nawe ukaona haitoshi, ukamnyang'anya na masikio!

Unaogopa jela, unaogopa leseni. Ogopa, lakini nenda. Kesho asubuhi, kabla hujaigusa greda, mwone afisa wa kazi wa wilaya, uandike maelezo kwa mkono wako mwenyewe, ile ripoti ifutwe na Phulmani atibiwe. Waombe kina mama mwende pamoja; wakikataa, nenda peke yako. Bembea zihamishwe mbali na mashine, na msimamizi akitukana, atukane.

Hayo ni ya kesho. Leo nenda hospitalini, mikono mitupu, umwambie ukweli. Na usipaze sauti, atakusikia.