Taulo la Bahati

Oya, uko wapi? Baba mdogo ametia aibu ukoo mzima, na mimi nilikuwepo kwenye benchi pale saluni nikaona kwa macho yangu.

Si unajua alivyopasuliwa pua, wakamtoa vile vinyama? Miaka yote alikuwa hanusi kitu. Leo ndio kafungua tena saluni yake, na mteja alikuwa yule mwalimu mstaafu tu. Wengine wote walishahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Yeye anasema wamerogwa. Wamerogwa!

Basi kamnyoa ndevu upande mmoja, akachukua lile taulo lake la bahati. Lile lile, halijafuliwa tangu aanze kazi, eti ukilifua umefua na wateja. Kataka kumfuta mzee wa watu uso, mara akaganda. Pua ikacheza kama ya sungura.

"Mwalimu, samahani, lakini unanuka."

KAMWAMBIA MWALIMU ANANUKA.

Mwalimu akamtazama kwenye kioo. "Kijana wangu, hilo ni taulo lako. Mimi nalivumilia miaka yote kwa kukuonea huruma."

Mwenye akili angeomba radhi hapo hapo. Huyu kalinusa, katapika kwenye beseni, halafu akafoka, "Hospitali wameniharibia pua!"

Mwalimu kavuka barabara na ndevu za upande mmoja.

Hapa nyumbani nimemsimulia mama mdogo, kacheka mpaka kakaa sakafuni. Baba mdogo anavaa viatu. Anaenda kwa daktari, anataka arudishiwe vinyama vyake.