Hodi Niliyopiga Ngomeni

Kwa mama yangu, Kilwa Kivinje.

Shikamoo mama. Natumai barua hii inakukuta umekaa kitako, goti umelinyoosha, si umepanda tena juu ya stuli kufagia tandabui. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Huku Omani joto limepungua kidogo, na kazi ni ile ile: kupika, kufua, kupiga pasi kanzu zinazoweza kuvisha mtaa wetu mzima.

Barua hii nimempa Bi Hadija anayerudi Lindi, kwa sababu haya si mambo ya kwenye simu. Uliniuliza kama nakubali dada Zaituni asomewe hitima. Huu ni mwaka wa tisa tangu aje kufanya kazi huku, na wa nane tangu anyamaze, na mjomba anasema inatosha. Nilikujibu kwa ukali kwamba mtu hazikwi kwa kukisia. Nisamehe, mama. Unajua sikuja huku kwa ajili ya mshahara tu, nilikuja kumtafuta.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, Bi Samira mwenye nyumba alitupakia kwenye gari, watoto, masufuria na mimi, tukaenda mashamba kutembea. Huko kuna ngome ya kale juu ya kilima cha mawe matupu. Mimi, ambaye ngazi tatu tu zinanitoa jasho, nilipanda nimebeba mkeka na chupa ya chai. Wenzangu wakakimbilia mnarani kupiga picha. Nikatafuta kivuli niswali alasiri, nikakuta chumba chenye mlango mfupi wa kuinama.

Unajua ulivyotulea. Nyumba iwe nzima, iwe gofu, huingii kimya. Mdomo ukanitoka wenyewe: "Hodi!"

"Karibu," nikajibiwa.

Kwa Kiswahili, mama. Kwa ile sauti ya kuvuta, ya mtu aliyetoka kucheka. Ilikuwa sauti ya dada Zaituni.

Nikamwita kwa jina. Nikainama, nikaingia. Mlikuwa na vumbi, mavi ya popo, na tundu moja la kupitisha mwanga. Mlango mwingine hakuna, na nyayo vumbini zilikuwa zangu tu. Nikakaa chini nikalia. Bi Samira alinikuta hapo, nikamwambia nimepiga hodi nikakaribishwa, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Nani kakukaribisha? Sisi wote tulikuwa juu."

Mwanzoni nilifurahi, nikasema basi yu hai, ananiita. Siku tatu nilikuwa hivyo, sili, silali. Halafu nikamkumbuka dada alivyokuwa hapo nyumbani. Ukipiga hodi anatoka mbio, mikono ina unga, anakupokea mzigo kabla hujavua viatu. Hajawahi kumkaribisha mtu kwa mdomo akabaki ndani. Na mimi ni mdogo wake, nimetoka mbali, nimebeba mzigo.

Angekuwa hai angetoka kunipokea.

Someni hitima, mama. Nisalimie mjomba, mwambie sina kinyongo naye. Nisalimie shangazi wa Mitole, na jirani yetu anayekuchotea maji. Na Rehema, binti wa dada, mwambie wewe mwenyewe, taratibu, kabla masufuria ya pilau hayajapandishwa jikoni. Asije akawauliza wapishi ni hitima ya nani.

Mwanao akupendaye,
Mwanahawa