Karatasi Tupu ya Nakimbe

Jumatano, kabla ya magharibi

Naandika haraka kabla giza halijaingia, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi.

Leo nilikuwa naunganisha majedwali ya watu waliohamishiwa vijiji vipya, ili ofisi ijue kila kijiji kipelekewe magunia mangapi ya mahindi. Karatasi ya Nakimbe ilikuwa tupu. Juu kuna vichwa vya safu, chini hakuna jina hata moja.

Aliyeileta ni balozi wao wa nyumba kumi, Mzee Mandoa, shati limeganda damu. Mgambo walichoma nyumba zao za zamani ili wahamie kijiji kipya, watu wakakimbilia porini, mzee akakosa wa kuhesabu. Alipowaonyesha mgambo karatasi ikiwa tupu vilevile, walisema anaidharau serikali. Wakampiga kitako cha bunduki, meno mawili yakatoka.

"Shikamoo mzee," nilimwambia, nikamsogezea kiti.

"Marahaba, mwanangu. Watu wapo. Hawajahesabiwa tu."

Alipotoka barazani, mkubwa wangu akasema niandike sifuri tufunge jedwali. Nikamwambia karatasi tupu si sifuri. Sifuri maana yake tumehesabu, hatukuona mtu. Akanizaba kofi, kalamu ikaanguka.

Rula ya chuma ilikuwa mezani na shingo ya mkubwa wangu ilikuwa karibu. Nakiri niliipima shingo ile kwa macho.

Kisha nikaokota kalamu, nikaandika sifuri.

Lori la mahindi linaondoka kesho, na kwa sifuri ile Nakimbe halitasimama. Nilipotoka, mzee alikuwa bado anangoja barazani. Akaniuliza lori litafika kwao saa ngapi.

Nikamwambia asubuhi.